Bangili Tatu za Mama

Nikisikia harufu ya usipa wakianikwa juani, nakumbuka betri. Kwetu Lituhi betri za redio zilipochoka tulizianika juu ya chanja pamoja na samaki hao wadogo wa ziwani, nazo zikapata uhai wa siku mbili. Safari ile zilikataa hata jua. Duka la kijiji halikuwa na nyingine, na baba, aliyekuwa akikata mkonge Tanga, alikuwa ameandika kwamba salamu zake zingesomwa redioni Jumapili hiyo mchana.

Kaka yangu Damasi, aliyekuwa likizo kutoka sekondari, akasema atatengeneza betri. Zinki ilikuwepo kwenye maganda ya betri zilizokufa. Mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia kahawa, alipewa na mjomba kule Mbinga. Ilikosekana shaba tu, na shaba ya nyumba nzima ilikuwa mkononi mwa mama: bangili tatu alizoachiwa na bibi.

"Zikiliwa na dawa yako," mama akamwambia, "utanivika nini, miiba ya usipa?"

"Haziliwi, mama. Inayoliwa ni zinki."

Akaandika ukutani kwa mkaa volti alizofundishwa shuleni: shaba, 0.34 juu ya sifuri, zinki, 0.76 chini ya sifuri. Akatoa ndogo katika kubwa, akapata volti 0.42. Redio ilitaka volti tatu.

"Bakuli nane," akasema kwa sauti ya chini. "Bangili nane."

Mama akaficha mkono ndani ya kanga.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na sikuwa msemaji. Nilikuwa nikitazama nguzo ya chanja.

"Kaka," nikasema, "ukitaka urefu wa nguzo, iliyozama mchangani na iliyo juu, si unajumlisha?"

Damasi akafuta hesabu yake kwa kiganja, akajumlisha. Volti 1.10. Bakuli tatu, volti 3.30.

"Mama, bubu wako kanishinda!"

Kila bangili ililala ndani ya bakuli la mrututu, na katikati yake kijungu cha udongo chenye maji ya chumvi na ganda la zinki. Redio ikakoroma, ikasema. Baba alisalimu nusu ya kambi ya mkonge kabla ya kufika kwa mama, na sauti ikafifia hapo hapo.

Bangili zilitoka na ngozi mpya nyekundu, shaba iliyotoka kwenye mrututu.

"Zimenenepa," mama akasema.

Moja ninayo leo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hesabu yangu ndiyo iliyomshawishi mama avue bangili. Lakini mama hakujua kusoma tarakimu, na nikikumbuka vizuri, Damasi alipogeuka kutoka ukutani kututajia jibu, bangili zote tatu zilikuwa tayari mkekani.