Mbwa Mbele, Mke Nyuma

Mume wangu alipostaafu udereva alirudi nyumbani na lori bovu na mbwa wawili. Lori aliuziwa na kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda, alikofanya kazi tangu Uhuru. Walikuwa wamelitupa nyuma ya karakana, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti chake. Mbwa hakuuziwa na mtu. Walimfuata tu, kama ujinga unavyomfuata aliyeukaribisha.

Wenzake wakistaafu walinunua ng'ombe. Yeye alifufua injini, kisha akaita seremala, wakajenga juu ya lile lori chumba cha mbao chenye dirisha, kitanda, rafu ya sufuria na paa la bati lililotobolewa kupitisha bomba la moshi. Kazi ilipokwisha akanisimamisha mbele ya lori, akashika kiuno.

"Mama, unaionaje?"

"Naona banda la kuku limepanda gari."

Alicheka. Mtu huyu unaweza kumdharau mpaka uchoke wewe, naye bado anakuomba chai.

Wazo lenyewe hakulirithi kwa babu zake. Alilipata kwa bwana shamba Mzungu aliyemwendesha miaka ya mwisho ya ukoloni. Mzee yule kazi ilipomwishia hakwenda kwao moja kwa moja. Alitengeneza gari la kulala, akapakia mkewe na mbwa wake, wakazunguka ziwani na milimani wakitazama. Hawakuvua, hawakulima, hawakutafuta ng'ombe aliyepotea. Walitazama tu. Mume wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na aliniambia hajapata kuona watu wazima wakifurahi vile. Akaweka nadhiri kwamba naye uzeeni atatazama.

Mimi nimezaliwa mlimani, upande wa Butiama. Mlima naujua kwa magoti, kwa sababu nimeupanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni tangu nikiwa mke mpya. Ziwa nalo nililijua vya kutosha: ni maji mengi yasiyofika shambani kwangu. Kwamba mtu mwenye akili atumie pensheni yake kwenda kutazama vitu hivyo viwili, hilo lilinishinda.

Mke wa yule Mzungu alikaa mbele, na mbwa nyuma. Mume wangu aliiga kila kitu, bomba la moshi mpaka pazia la dirisha, isipokuwa hicho. Kwetu mume na mke wa umri wetu hawatembei bega kwa bega. Mume hutangulia na fimbo, mke hufuata na mzigo. Yeye aliichukua desturi hiyo ya miguu akaipandisha kwenye lori. Nilipomuuliza mbona mbwa wanakaa mbele, alinijibu bila aibu.

"Mbwa akikaaga nyuma anatapika. Na mimi na wewe tukikaa pamoja pale mbele, watu watasemaje?"

Basi nikawa mzigo. Lakini nilikwenda, na sababu ya kwenda nitaisema, maana kuna watu mpaka leo wanadhani nilikwenda kutembea.

Nilikuwa na nyumba. Ya matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, kwenye mteremko ulioelekea barabara. Yeye alipokuwa akibeba marobota ya pamba kwenda Musoma bandarini, mimi nilikuwa nikilima pamba hiyo hiyo, na kwa pamba yangu nilifyatua matofali, nikayachoma, nikamlipa fundi. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, akayapigapiga kwa kiganja na kuyasifu. Huo ndio ulikuwa ujenzi wake.

Kisha likatoka tangazo la kuhamia vijijini. Tushuke milimani, tukakae kwenye mstari kando ya barabara, mahali gari linapofika, ili tupate kisima, zahanati na shule. Sikuwa na ugomvi na zahanati. Balozi wetu wa nyumba kumi akaninong'oneza kwamba mstari ulikuwa haujachorwa bado, na nyumba nzuri iliyo karibu na barabara kama yangu ingeweza kuachwa iwe ndani ya kijiji. Lakini mwenye mji awepo siku wapimaji watakapopita, aseme neno. Mwenye mji ni mwanamume. Mimi niliyekanyaga udongo ule nisingesikilizwa hata na mbuzi.

Nikamwambia mume wangu. Nikamwambia asubuhi, nikarudia jioni. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto mzito.

"Serikali inataka nini, mama? Inataka watu wakae mahali gari inafika. Sasa mimi nyumba yangu ndiyo gari. Nimeshatimiza kabla ya wote."

"Na hii ya matofali?"

"Hiyo hawawezi kugusa. Mtu aliyetimiza hasumbuliwagi."

Aliamini hivyo kabisa. Alikuwa ameendesha magari ya serikali na ya ushirika miaka yote hiyo, na bado alidhani amri ni kama alama ya barabarani, ukishaipita imekwisha. Siku iliyofuata akajaza mafuta. Nikapanda nyuma kwa sababu moja tu: bila mimi kisogoni kwake, asingerudi mpaka mafuta ya nchi nzima yaishe.

Kati ya chumba na kiti cha dereva alikuwa ameacha kidirisha. Tungekwenda kwa miguu ningeona mgongo wake. Humo niliona kisogo chake na masikio ya mbwa wawili, mmoja wa manjano, mwingine mweusi aliyewahi kung'atwa sikio na nguchiro. Nikawa nasema "turudi" kwenye kidirisha hicho mpaka neno likachakaa. Yeye akipiga honi, mbwa wakibweka, mimi nikishikilia sufuria zisinipige kichwani.

Nyamuswa tulipokelewa vizuri mno. Tulisimama sokoni, na kabla sijashuka wanawake walikuwa wamekwisha kupanga foleni na watoto wao, wakidhani ni gari la chanjo. Mume wangu akawaeleza kwamba sisi ni wastaafu, tunatembea tu kuona nchi yetu. Walimsikiliza kwa adabu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanisogelea mimi.

"Pole, dada. Mmefukuzwa?"

"Bado," nikamwambia.

Pale Bunda alisimamisha lori chini ya mlima Balili, akanishusha, akanisimamisha kando ya barabara watu wakipita na baiskeli zao. Mbwa walikaa kila mmoja upande wake, kama walinzi wa mkuu wa mkoa.

"Angalia," akasema.

"Naangalia."

"Unaona nini?"

"Kuni."

Aliwaita mbwa wake, akarudi kwenye usukani. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwumiza, na nilifurahi.

Lakini ugomvi wetu wa kweli ulikuwa juu ya moto. Kwetu mwanamume anaweza kujenga mpaka mikono iote sugu, bila moto wa mke alichojenga ni ghala. Nyumba huanza siku mwanamke anapowasha moto ndani yake na kupika, wakala, wakalala. Mume wangu alijua hilo kama nilivyolijua mimi. Ndiyo maana kila tuliposimama alinielekeza kwenye jiko la mkaa alilolifunga chini ya bomba lake la moshi, na ndiyo maana kila tuliposimama nilishuka, nikatafuta mawe matatu, nikapika chini. Kwenye upepo nilipika chini. Kwenye vumbi la barabara nilipika chini, tukala ugali wenye mchanga. Nilikuwa na nyumba moja yenye moto wangu, na sikuwa tayari kumpa nyingine ya kuwaonyesha wapimaji.

Kule Mugango, ziwani, alijaribu kunibembeleza. Lori lilikuwa limesimama mchangani, maji yametulia, na naweza kusema kweli kwamba palikuwa pazuri, ila sikumwambia. Wavuvi walitupatia bure furu wengi, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu tuliwachekesha. Mbwa walikula wakavimba, wakaenda kutapika kwenye kile kiti cha mbele, walikowekwa ili wasitapike. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mume wangu akasafisha kiti kwa shati lake mwenyewe, kisha akaja pale nilipokuwa nikipuliza mawe yangu matatu.

"Mama, pika ndani leo tu. Upepo unakusumbua."

"Upepo haujanisumbua. Nasumbuliwa na wewe."

"Mimi nilitaka tu tuwe na kitu chetu wawili. Ile nyumba ni yako. Mimi pale nilikuwaga mgeni tu, nakuja na kuondoka."

Neno hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa la kweli, na mtu kama yeye hakuwa na haki ya kusema la kweli mara moja kwa mwaka halafu ategemee ugali ndani. Nilipika nje.

Musoma ndiko tulikopatia habari. Tulikuwa sokoni, mimi nikichagua sato, yeye akiwaeleza makarani wa mjini jinsi bomba la moshi linavyofanya kazi. Makarani wale walivaa soksi mpaka magotini na walimwita "babu" kwa sauti ya kumtania, naye hakuona. Nikamwona wifi yangu, dada yake mkubwa, akija na kikapu. Mwanamke huyu hajawahi kuniletea jema, lakini hajawahi kuniletea uongo pia.

"Mko hapa mnatembeza mbwa," akasema. "Kule wameshapima. Walifika kwenu wakaita hodi, hakuna mtu. Mwenyekiti akauliza mwenye mji yuko wapi. Watu wakasema ameshahama, ana nyumba nyingine ya gari."

"Na nyumba?" nikauliza.

"Mstari umepita chini yake. Wanaezua."

Nilipanda nyuma ya lori. Safari hiyo sikusema "turudi" kwenye kidirisha, kwa kuwa tulikuwa tunarudi. Mume wangu aliendesha bila kupiga honi hata mara moja.

Tulikuta bati zimeshushwa, zimepangwa vizuri chini, na milango imeegemezwa ukutani. Mgambo walikuwa watoto wa majirani, wakanisalimia "shikamoo mama" wakiwa na nyundo mkononi. Niliitikia. Nilikuwa nimejaa chuki, lakini si kwa watoto wale. Nilimtazama mume wangu akishuka na mbwa wake, nikamchukia yeye, kisha nikaenda kukaa juu ya bati zangu.

Mwenyekiti alikuja na daftari kwapani, mtu wa makamo, mpole, mwenye kuchoka. Mume wangu akamtolea hotuba yake yote. Serikali imesema watu wakae mahali gari linafika. Yeye nyumba yake ni gari. Ametimiza kabla ya wote. Kwa hiyo ile ya juu iachwe, kwa kuwa mwenyewe hana kosa.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akakubali.

"Umesema kweli, mzee. Nyumba yako ni hii. Basi tuletee kwenye mstari."

Wakatupa kiwanja cha mwisho kabisa, penye mawe, ambacho wale waliokuwepo siku ya kupimwa walikuwa wamekikataa. Mume wangu akaliendesha lori mwenyewe mpaka pale, akaliegesha sambamba na vibanda vya wengine. Wiki haikupita wakaja tena kwa adabu ile ile. Trekta la kijiji halikuwa na tairi za tela. Nyumba, wakasema, haina haja ya tairi. Mume wangu akafungua mdomo, lakini maneno yote yalikuwa yake na alikuwa ameshayatumia. Akawashikia spana. Lori likakaa juu ya magogo.

Nilipika nje siku hizo zote. Bati zangu zilikwenda kuezeka ofisi ya kijiji, na majirani walinipitia wakinitazama nikiinama juu ya mawe matatu kando ya nyumba yenye bomba la moshi. Nilijua wanasema nini. Wao nao walikuwa wamebomolewa, lakini waliona afadhali yao. Nami sikuwa na la kuwaambia watu waliokimbilia viwanja vya karibu na kisima ambacho hakijachimbwa.

Kisha mvua ya kwanza ikaja alasiri, kubwa, ya upepo. Ilizima moto wangu, ikabeba kuni, ikajaza sufuria ya ugali maji ya matope. Nilisimama pale nikilowa, nikasubiri ikatike. Haikukatika. Mwisho nikachukua mkaa, nikapanda ngazi, nikawasha lile jiko chini ya bomba. Moshi ukatoka juu vizuri. Mjinga yule alikuwa amelitengeneza sawasawa. Nikapika, nikapakua, na ikawa nyumba.

Nilimpelekea chakula mbele, maana huko ndiko alikoshinda siku hizo, kwenye kiti cha dereva na mbwa wake, akitazama. Nikafungua mlango wa upande wa pili. Mbwa wakanitazama. Nikawaambia washuke, wakashuka kwenye mvua, na kwa mara ya kwanza tangu lori lile liingie kwangu nikakaa mbele.

Kumbe alikuwa ameliegesha likielekea mlimani. Kwenye kioo, katikati ya mvua, niliona kuta zangu, nyekundu, bila paa. Hicho ndicho alichokuwa akitazama kila siku.

Aliweka sahani chini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Twende wapi, mama?"

Nilikuwa na jibu la kumtosha mpaka kaburini. Nililiweka tayari tangu Musoma. Badala yake nikanyoosha kidole juu, kwenye zile kuta, naye akakanyaga klachi, akaingiza gia.