Fidia ya Vidole vya Baba

Baba yangu ni seremala, na akikata ubao lazima aache ziada. Mrefu utaupunguza, husema, mfupi utaufanyaje? Tabia hiyo nusura ituponze kwenye ritani ya kodi, ile fomu ya kutaja mapato ya mwaka.

Mwaka jana msumeno wa kiwandani ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Akalipwa fidia. Wenzake, watu wasio na breki midomoni, wakaanza kumwita Tajiri. Alicheka nao, lakini mkono ule ukahamia mfukoni. Hata salamu akawa anatoa kwa kuinamisha kichwa tu.

Fidia yenyewe hakuigusa. Mama alimtafutia kibanda cha kukodi, chenye mwanga mzuri, afungue karakana yake. Mwenye kibanda akasema atatusubiri mpaka Ijumaa, basi. Baba akagoma.

"Serikali haijachukua chake. Nikila hizi hela, nitalipa na nini?"

Kumbe alishajaza ritani, mshahara na fidia akavijumlisha pamoja. Ziada, eti, wataipunguza wenyewe! Nampenda baba yangu, ila siku hiyo nilitamani kumtikisa.

Alhamisi nikamburuta hadi ofisi ya kodi. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alisoma, akakunja uso.

"Mzee, hii kubwa ni ya nini?"

"Fidia, mama. Niliumia kazini."

"Na hii ndogo?"

"Mshahara. Nilipopona waliniweka stoo."

"Huo wa stoo una kodi. Fidia ya kuumia hatuigusi, iondoe." Akavua miwani. "Kodi ni ya mapato, mzee. Wewe hapa umepoteza."

Mwaka mzima watu walikuwa wakimpongeza.

"Vilikuwa vidole vizuri tu, mama," Baba akasema.

"Pole sana, baba yangu." Akamsogezea fomu mpya na kalamu. "Jaza upya, uweke sahihi."

Mkono ukatoka mfukoni, ukaandika polepole. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ijumaa asubuhi mwenye kibanda alikuwa akihangaika na mlango uliokwama.

"Umezidi urefu huo," Baba akamwambia. "Niachie, nitaupunguza."

"Kwa hiyo unakichukua, fundi?"

"Nakichukua."

Akampa mkono wa kulia, ule ule, na hakuwa na haraka ya kuurudisha.