Kiganja cha Mpishi

Ulikuwa mwaka ule kantini ya kiwanda cha sabuni ilipowekewa majiko ya gesi. Hapana, nimekosea. Gesi ilikuja mwaka uliofuata, maana Mvuke alipoanza kuugua walikuwa bado wanapikia mkaa, na moshi ndio uliolaumiwa kwanza. Basi tuseme ni mwaka mmoja kabla ya gesi.

Mvuke ni jina alilopewa jikoni, kwa kuwa kila ukimtafuta unamkuta kichwa kimeinamia sufuria na uso hauonekani. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, mtu mnene wa kicheko kifupi, na wapo wafanyakazi waliokuja na chakula cha nyumbani wakakirudisha kilivyo ili wale chake. Mwaka huo akaanza kukonda. Suruali ikawa inashikiliwa na mkanda na huruma ya Mungu. Tumbo linavimba, halafu linamwendesha mbio. Akipanda ngazi za stoo anasimama katikati kuvuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia, na hajabeba hata kitunguu.

Baada ya moshi ikalaumiwa minyoo, baada ya minyoo vidonda vya tumbo, hadi alipofika kwa daktari mmoja kijana, mwanamke asiye na maneno mengi. Akampima damu, akampitisha mpira wa kamera kooni, kisha akamketisha.

"Mzee wangu, kinga ya mwili wako imekosea adui. Ukila ngano inaamka na hasira, na hasira yote inaimalizia kwenye utumbo wako mwenyewe. Ndiyo maana chakula hakikushiki, na damu imepungua."

"Dawa yake?"

"Nitakupa vidonge vya kuongeza damu. Lakini dawa hasa ni kuacha ngano, na shayiri pia. Sijasema kupunguza. Kuacha, maisha yote."

Mvuke akauliza kama kwenye maisha yote na harusi zimo. Daktari akaendelea kuandika vidonge.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa vipimo, na kazi hiyo aliipokea kama nguo ya mteja msumbufu. Mumewe akatengewa sufuria yake, kisu chake, ubao wake wa kukatia, na kijiko kilichofungwa uzi mwekundu ili mtu asije akakorogea uji wa ngano. Mkate ukahama nyumba. Watoto wakawa wanaula kwa jirani, wakirudi wanapanguswa midomo mlangoni.

Hilo lingevumilika, lakini habari zikamfikia dada yake mkubwa. Huyo dada alikuwa hajaugua maisha yake yote, na labda ndiyo sababu alijua dawa ya kila kitu. Alifika, akavuta kiti, akaitazama sahani ya mdogo wake.

"Hizo nyanya utoe. Nyanya zinachoma."

Mvuke akazisogeza pembeni.

"Maziwa yanaganda tumboni. Mayai ni mazito. Na hayo maharage ndiyo kabisa, yanajaza upepo."

"Dada, nibakizie kitu."

"Si nimekuachia maji?"

"Wifi," mkewe akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "daktari ametaja ngano na shayiri. Nyanya hakuzitaja."

"Madaktari wa siku hizi hawataji kila kitu."

Alipoondoka, Mvuke alizila zile nyanya zikiwa zimepoa, kwa hasira, na hazikumchoma.

Basi akaendelea hivyo. Wali, viazi, nyama, mboga, na vidonge vyake kila asubuhi. Mkate hakuugusa. Hata Shangazi, mwokaji wa kantini, ambaye jikoni wote walimwita hivyo kwa umri na kwa ukali, alipokanda unga Mvuke alitoka nje vumbi litue. Miezi ikapita. Akaongezeka kidogo, akakonda tena. Wakarudi kwa daktari, mume na mke, damu ikapimwa.

"Mzee, unakula ngano."

"Sili."

"Kipimo kinasema unakula."

"Basi kipimo kinanisingizia."

Walipofika nyumbani, mkewe akalichukua koti la mumewe msumarini, akageuza mifuko, akainusa mmoja mmoja. Kumwona anainusa kulimuuma Mvuke kuliko tumbo.

"Mke wangu, mimi na wewe tumefika huku?"

"Mikate inaokwa pale kila asubuhi, baba watoto, na wewe una mikono. Kesho nakuja kuona."

"Njoo. Tena njoo mapema."

Akaja kweli, na kikapu chake cha kushona, akakaa juu ya gunia la vitunguu karibu na mlango. Shangazi akamkaribisha, "Wifi, leo tunakaguliwa?" Akajibu kuwa amekuja tu kupumzisha macho, na macho hayo hayakumwacha Mvuke.

Mvuke alipika siku hiyo kama mtu aliye mahakamani. Mkate ulipotolewa kwenye tanuri aliupa mgongo. Akafunua sufuria ya mchuzi wa nyama, ule mzito unaotiwa unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, akachota kwa mwiko, akadondosha kidogo kwenye shimo la kiganja, akalamba, akafumba jicho moja, akaongeza chumvi. Akaenda kwenye tambi, akatoa moja, akauma kuona kama imeiva. Akarudi kwenye mchuzi. Kiganja, ulimi, jicho. Akapita kwenye supu.

"Na hiyo?" mkewe akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo ya kiganjani."

"Hii naonja."

"Ukionja unatema?"

"Mpishi hatemi, mke wangu."

"Kwa hiyo unameza."

"Sijala. Nimeonja."

Shangazi aliacha kukanda. Mkewe alikunja nguo aliyokuwa akiishona, polepole, akaitia kikapuni. "Unalamba hivyo kutwa nzima?"

Mvuke akaangalia kiganja chake. Tangu alipofundishwa kazi, hakuna aliyewahi kuita kule kulamba kula. Mpishi anaweza kuonja asubuhi yote, na akiulizwa mchana atasema bado hajatia kitu tumboni, na wapishi wenzake wote watamwelewa.

Daktari alipoelezwa alijishika uso. Hata kidogo hicho kinatosha kuiamsha kinga, akasema. Mvuke akauliza je, akitema? Hapana. Akisukutua? Mzee, hapana.

Akajaribu kutia unga wa mahindi kwenye mchuzi. Wafanyakazi wakasema unavuta kama gundi. Meneja wa kantini akamwita.

"Mpishi mkuu asiyeonja nitamfanyia nini? Chukua ufunguo wa stoo. Sufuria atashika Shangazi."

Stoo. Kuhesabu magunia hadi uzee. Mvuke aliogopa ule ufunguo kuliko alivyowahi kuogopa ugonjwa. Akaomba ajaribiwe kwanza: apike yeye, Shangazi aonje. Meneja akakubali shingo upande.

Jamani, kuonjewa ni adhabu.

"Chumvi?"

"Ipo."

"Najua ipo, nimeitia mimi. Nakuuliza, inatosha?"

"Inatosha watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye midomo, Mvuke. Ondoka hapa."

Akigeuka tu kuchukua kitambaa, anasikia kifuniko kinalia. "Umetia nini humo?"

"Kidogo."

"Kidogo nini?"

"Kidogo tu, kaka. Usinichoshe."

Sahani zikarudi zimefutwa. Wa zamu ya mchana wakaja dirishani kuomba nyongeza, jambo lililokuwa nadra. Meneja mwenyewe akaingia jikoni, akampiga Mvuke begani, akasema leo umejipita. Ufunguo wa stoo akapewa mwingine. Damu ilipopimwa tena ilikuwa imetulia, daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza, mkanda ukarudi kwenye tundu lake la zamani, na mkewe akaacha kunusa makoti.

Mtu angedhani amefurahi. Alifurahi, ndiyo. Lakini kila aliposifiwa alikunja uso kama amepewa chenji ya mtu mwingine. Jioni moja wakiosha masufuria akamuuliza Shangazi jambo, na Shangazi akamwaga maji. Akamuuliza mkewe, mkewe akauma uzi. Mpaka anastaafu aliwauliza wengi, na mimi nikiwemo: ule mchuzi wanaousifu, ni wangu au ni wa Shangazi?