Kona Ambayo Baba Hakuilima

Baba alipohamia kwangu hapa Shari, mtaa wa mji wa Bunia, baada ya kukimbia vita kule karibu na Fataki, alikaa miezi mingi bila kusema neno juu ya nyumbani. Nikimuuliza, ananijibu kwamba chai inapoa. Mimi nililelewa hapa Bunia kwa shangazi kwa ajili ya shule, na mama alifariki huko kijijini kabla ya watu kukimbia. Shamba letu nililijua kwa likizo tu, na kwa magunia ya mahindi yaliyoletwa kila muhula, ambayo nilikuwa nayalalamikia kwa ugumu wake.

Siku moja nilimwachia baba kompyuta ikiwa na mchezo wa kilimo, wenye matingatinga na ng'ombe, nikaenda kufundisha. Mimi hurekodi michezo yangu na kuiweka mtandaoni kwa watazamaji wachache wenye subira, na siku hiyo nilisahau kuzima programu ya kurekodi. Niliporudi nikaisikiliza rekodi. Baba alikuwa anaongea na tingatinga. Lile shamba la mchezo, tambarare ya nchi za watu, alikuwa ameligawa kama mlima wetu: hapa viazi vya jirani, hapa maharagi, hapa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Alikumbuka hadi jiwe ambalo wanawake walinolea majembe. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kukimbia na mlima mzima kichwani.

Nilimwambia wazi kwamba mashine inamsikia.

"Isikie tu," alisema. "Yenyewe haiulizake maulizo."

Basi akaendelea kila mchana nikiwa kazini, na kila mara aliacha kona moja bila kulima. Mimi ninayejiona fundi nilimtania kwamba usukani umemshinda, na siku moja nikailima mwenyewe. Kesho yake akaanza mchezo upya, toka mwanzo, bila kunilaumu. Katika rekodi ya siku hiyo nilimsikia akisema, "Ile kona pale ni ya..." kisha sauti ikakatika na picha zikaanza kuruka. Iliporudi, baba alikuwa amefika mtoni.

Nilimuuliza kona ni ya nani. "Nilisha sema," alijibu, akaomba chai.

Nilikasirika, tena sana, lakini niliyeikasirikia ni diski yangu. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilikuwa narekodi kwenye diski ya nje ya zamani, ile inayozunguka ndani, nimeichomeka kwenye tundu moja pamoja na vifaa vyangu vingine vyote. Haikuweza kuhifadhi picha na sauti kwa kasi ya mchezo, ndiyo maana rekodi ilikatika. Na wiki iliyofuata baba alikuwa ahamie Aru kwa dada yangu, ambako hakuna kompyuta wala mchezo.

Tulikwenda dukani pamoja. Muuzaji akaweka mezani diski mbili, moja nene inayozunguka, na nyingine isiyozunguka, ndogo kama kipande cha sabuni. Baba akazipima mkononi kama anavyopima mbegu.

"Hii ya muzito ndiyo muzuri," alisema.

"Hapana, papa," muuzaji akamjibu kwa heshima. "Ile nyepesi ndiyo iko mbio, ya kurekodia. Ya muzito ni ya kutunza."

Mimi nilikuwa nimeshaamua: nyepesi, moja tu, na kila kitu humo.

"Yote mu nyumba moja?" baba akaniuliza. "Siye, mbegu ya maharagi ilikuwa inalala mu nyumba mbili. Nusu kwetu, nusu kwa mujomba yako, ng'ambo ya muto."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi mtandaoni kuhusu diski, lakini hilo la nyumba mbili lilikuwa limenipita. Tukachukua nyepesi moja ya kurekodia na nzito mbili za kutunza, moja ibaki Bunia, moja iende Aru.

Siku ya mwisho niliichomeka ile nyepesi peke yake, moja kwa moja kwenye kompyuta, nikaenda kazini. Sikufundisha kitu cha maana. Niliporudi nilisikiliza nikiwa bado nimesimama na mkoba begani. Tingatinga lilifika kwenye kona, likapunguza mwendo.

"Ile kona pale ni ya mama yako," baba alisema. "Alikuwa analima na mukono yake, hakutaka mutu amusaidie. Mahindi ya pale ilikuwa ya kukutumia Bunia, juu weye usilale njaa ku masomo. Mashine haiingie pale."

Sauti haikukatika hata mara moja. Nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake baba alipanda gari la Aru na diski yake nzito, niliyokwisha kuijaza rekodi zote, ndani ya kopo la mbegu. Nilirudi nyumbani, nikafungua mchezo, nikalima shamba lote. Nilipofika kwenye ile kona nikazunguka polepole, gurudumu lisiiguse.