Nilipoulizwa Kuhusu Damu Yetu

Kaka yangu alipofika kutoka Kisesa asubuhi ile ya posa ya binti yangu na kunitaka nikanushe, nilipaswa kumwambia hapana. Tulikuwa wawili tu uani, nampokea mfuko wake wa viazi, wala hapakuwa na mtu wa kunifanya nione haya.

"Wageni wa posa wakikuuliza habari za magonjwa, sema ukoo wetu hauna," aliniambia. "Wewe ukipeleka ng'ombe mnadani, unaanza kwa kutangaza kwato mbovu?"

Nilicheka. Kisha nikasema, "Sawa, kaka."

Binti yetu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi hapa Mwanza huuita sikoseli. Daktari alitueleza, mimi na mke wangu, kwamba mtoto ameurithi kwetu sote wawili. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na mambo ya kurithi niliyajua tangu darasani. Hata hivyo nilitoka pale kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Tangu hapo, jirani akiuliza kwa nini mtoto haonekani, nilijibu kwamba ni malaria. Akilia kwa maumivu ya mifupa, nilifunga madirisha kwanza, ndipo nikamkanda.

"Unawafungia watu au baridi?" mke wangu aliniuliza siku moja.

Nilisema baridi.

Mtoto mwenyewe hakuwa na aibu hiyo. Alikua akitembea na chupa yake ya maji, akimeza vidonge vyake mbele ya wageni, na upepo wa ziwa ukiwa mkali alivaa sweta mbili. Wenzake walimtania kwamba anavaa kama bibi, naye akacheka nao. Alijifunza ushonaji, akapata nafasi kwenye kibaraza cha duka moja Mkuyuni. Karibu kila mchana nilipita kumwangalia, nikisingizia kwamba naenda sokoni.

"Baba, nyanya za jana zimeisha?" aliniuliza huku akikanyaga cherehani yake. Alijua ninachofuata, akaniacha nipite.

Alipompata kijana wa kumuoa, alimweleza kabla ya kutueleza sisi. Alimwambia ana sikoseli, aende akapime, kisha arudi wazungumze. Kijana alipima, akakutwa hana vinasaba vya ugonjwa huo, akarudi. Hayo yote mke wangu aliyajua. Alipotaka kuniambia nilimkatisha, nikasema mazungumzo ya posa ni ya wanaume.

Kwetu, wanaokuja kuposa hawaulizii msichana peke yake, huulizia nyumba nzima. Baada ya salamu na soga za mvua na mifugo, mjomba wa kijana, mzee mpole aliyekuwa ameweka kofia yake ya pama gotini, aliuliza kama ilivyo desturi.

"Mzee mwenzangu, nyumba hii ina ugonjwa wowote, ili tujue namna ya kumtunza mtoto wetu?"

Nilimtazama kaka. Kisha nikasema, "Hapana. Damu yetu ni safi."

Binti yangu alikuwa anaingia na jagi na beseni kutunawisha. Hakusita. Alipiga goti mbele ya yule mjomba, akammiminia maji. Mzee alinawa polepole, akajifuta, ndipo akasema, "Binti alishatuambia, na sisi tulishakubali. Tulitaka tu kulisikia kwako. Akiumwa, wewe ndiye tutakayekukimbilia."

Nilinyoosha mikono juu ya beseni, nami ninawe. Walikula kidogo kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Baadaye wakatuma ujumbe kwamba wamesita, kwa kuwa hawakujua watashirikiana vipi na nyumba inayoficha jambo ambalo wao wanalijua. Kijana alibishana nao kwa muda, mwishowe naye akakubali uamuzi wao.

Siku ile ile wageni walipoondoka, binti yangu alikusanya sahani, akasimama mbele yangu.

"Baba, mimi huwa naumwa nini?"

Nilimwambia nilitaka kumlinda.

"Kujilinda nilishajilinda. Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Kaka, ambaye bado alikuwa anachambua miiba ya samaki wake wa sato, alisema mtoto huyu amekosa adabu. Hata hapo sikumwambia kaka anyamaze.

Binti hakugombana na mtu. Alipanga chumba Nyegezi, akahamisha cherehani yake huko, akaendelea na maisha. Akija nyumbani ananiamkia vizuri, ananiuliza kuhusu presha yangu na kama namaliza dawa. Nikimuuliza hali yake, ananijibu, "Mzima, baba." Jibu ni hilo hilo, hata siku ambazo macho yake yana umanjano.

Msimu wa mvua uliopita nilimkuta mke wangu akijaza uji kwenye chupa ya chai, khanga ya kutokea iko begani.

"Nani anaumwa?"

"Malaria tu," alisema, bila kunitazama.

Nilikaa kitini nikamwacha aende. Binti yetu alikuwa amelazwa na kuongezewa damu, nami nilikuja kujua alipokwisha kutoka hospitali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mama yake asiniambie.

Yeye alipoteza ndoa kwa kinywa changu. Mimi nilichopoteza ni hiki: mwanangu anaumwa, na mimi baba yake siambiwi.