Misumari Kumi na Minne

Kwa miaka thelathini na mmoja aliishi katika mtaa ule bila kuuona mchana wa Jumanne. Alikuwa dobi wa hospitali, na hospitali iko mjini, na mji uko mbali, kwa hiyo alitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Siku za mapumziko alifua zake, akalala, akaenda mazikoni au harusini, siku ikapita. Alipostaafu ndipo alipogundua kwamba jirani wa kushoto ana mti wa mapera, na kwamba saa nne asubuhi jua huingia jikoni kwake mpaka chini ya meza. Aligundua na jambo la tatu, ambalo hakulipenda. Mchana, mtaa ule hauna mtu.

Hauna mtu kabisa. Si kwamba watu wamelala au wamejifungia, wameondoka. Alfajiri utasikia mageti yakigongwa, magari yakiwashwa, mtu akirudi mbio kuchukua simu aliyoisahau mezani, na ikifika saa kumi na mbili na nusu kelele zote zimekwisha. Watoto nao huzolewa na basi la shule wakiwa bado wanapiga miayo. Zinabaki nyumba zenye rangi nzuri na mapazia yaliyofungwa, na nguo kwenye kamba zinazokauka pasipo mwenyewe. Watu wamejinyima nusu ya umri wao ili wajenge nyumba hizo, na sasa wanazijua kwa taa ya umeme tu.

Habari ya funguo ilianza na fundi wa lifti, jirani wa kulia. Bomba la jikoni kwake lilipasuka, na fundi bomba akasema hawezi kuja ila mchana.

"Mama, wewe si uko tu nyumbani?" fundi wa lifti alimwuliza juu ya ukuta.

Lile "uko tu" lilimchoma kidogo. Mtu amepiga pasi mashuka ya wodi kumi na moja kwa miaka thelathini, leo anaambiwa yuko tu. Lakini alinyoosha mkono, akapokea ufunguo.

Baada ya fundi wa lifti akaja keshia wa duka kubwa, mwanamke mwembamba anayeishi peke yake nyumba ya tatu, kisha mwalimu, kisha wengine. Miaka miwili haikuisha akawa na funguo kumi na nne. Alitafuta ubao, akaupigilia misumari kumi na minne, akautundika kando ya mlango wa jikoni. Kila ufunguo aliufunga uzi wa rangi yake, kama alivyozoea kutenganisha mashuka: nyekundu upasuaji, kijani wazazi. Alimfungulia msoma mita, muuza gesi, fundi wa paa. Mvua ikitishia, alianua nguo za nyumba sita. Wakamwita Mama Funguo, na lile jina lake jingine likabaki kwenye kitambulisho.

Alilipenda jina hilo, tusidanganyane. Simu yake ilikuwa haitulii, na geti lake ndilo pekee lililobishwa hodi mchana.

Kwa kuwa alishika vitu vya watu, akawa mwangalifu kupita kiasi. Geti alilitia kufuli kwa ndani. Mlango wa jikoni aliutia komeo. Majirani walipoona hivyo walifurahi, wakalala usingizi wao mzuri.

Basi Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, alikuwa amemaliza kupiga deki jikoni. Simu ikalia mezani. Akageuka kuiendea, mguu ukateleza kwenye maji, akaanguka kwa nyonga. Alisikia mfupa ukilia ndani ya mwili wake. Alipojaribu kuinuka maumivu yalimlaza tena chini, na hapo alipolala ndipo alipokaa siku nzima.

Simu iliendelea kulia pale mezani, juu ya kichwa chake, akashindwa kuifikia. Ilikatika, ikalia tena. Saa nne hivi alisikia pikipiki ya muuza gesi nje ya geti.

"Hodi! Mama Funguo! Nimeleta gesi ya fundi wa lifti!"

Aliita kwa nguvu zake zote. Sauti iliyotoka isingemwamsha hata paka. Muuza gesi aligonga, akasubiri, akagonga tena, akanung'unika kwamba leo huyu mama kalala, akawasha pikipiki yake akaenda.

Kuanzia hapo alibaki na ubao wa funguo mbele ya macho yake. Angeweza kuingia nyumba yoyote ya mtaa ule, na hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuingia kwake. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini. Wala halikuwa limempitia mtu mwingine.

Akaanza kupiga hesabu ya nani atakuja. Mwanawe wa pekee, binti, anaishi mji mwingine na hupiga simu Jumapili. Keshia hurudi wa kwanza, saa moja kasoro, lakini keshia ana ufunguo wake wa pili na hana shida ya kupitia kwa mtu. Mwalimu hivyo hivyo. Mmoja mmoja akawapitisha wote kumi na wanne, akaona kwamba mwenye shida leo ni fundi wa lifti peke yake. Akalala pale sakafuni akiomba, naye si mwepesi wa kuomba, kwamba mtungi wa fundi wa lifti uwe umekwisha kabisa, asibakiwe na gesi hata ya kuchemshia chai.

Ulikuwa umekwisha. Saa moja na nusu jioni fundi wa lifti alikuja amenuna, kuuliza kwa nini gesi yake imerudishwa. Akagonga, akapiga simu, akaisikia ikilia ndani ya nyumba yenye giza. Hapo uso ukambadilika. Akaparamia ukuta, akavunja mlango wa jikoni kwa bega.

Mama Funguo alilazwa hospitali ileile aliyofanyia kazi. Aligusa shuka lake, akaona limepigwa pasi upande mmoja tu, akasikitika. Binti yake alifika kesho yake na begi moja.

"Mama, geti ulilifungia nini mchana kweupe?"

"Nimeshika funguo za watu, mwanangu."

"Na wako ameshika nani?"

Mama Funguo aligeuza uso ukutani. Binti akajuta kuuliza.

Aliporudi nyumbani, anatembelea magongo, aliamua jambo moja. Geti halitatiwa kufuli tena, wala mlango wa jikoni komeo. Binti alikaa naye wiki mbili, likizo yake ikaisha, akaondoka analia. Mama Funguo akabaki na geti lake wazi.

Jumapili iliyofuata majirani walikuja kumwona, karibu wote, wamebeba matunda na sharubati. Walimwuliza mguu, walimsifu fundi wa lifti kwa bega lake, walicheka. Alifurahi kuwaona wamekaa sebuleni mwake kwenye mwanga wa jua, maana wengine hata sura zao hakuwa na hakika nazo. Kisha fundi wa lifti akakohoa.

"Mama, tumeongea kidogo, sisi majirani. Ni hili geti. Tunasikia siku hizi linashinda wazi."

"Ndiyo."

"Unajua wezi walivyo. Na funguo zetu zote ziko humu ndani."

"Na ni kwa usalama wako pia, Mama," mwalimu akaongeza haraka.

Mama Funguo aliwatazama. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomwumiza.

"Siku ile," akamwambia fundi wa lifti, "mtungi wako ungekuwa na gesi, mngenikuta lini?"

"Lakini nilikuja, Mama."

"Ulikuja, baba. Nakushukuru. Ulikuja kuulizia gesi."

Hakusema kwa hasira. Fundi wa lifti aliinamisha kichwa, akakosa pa kuweka mikono yake. Keshia, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa ameshika glasi yake ya sharubati bila kuinywa.

"Geti siwezi kulifunga tena," Mama Funguo akasema. "Nikilifunga, mchana sipumui. Basi chukueni funguo zenu."

Walibishana naye kwa adabu, kidogo. Kisha mwalimu akauteremsha ubao, na kila mtu akatafuta uzi wake. Keshia naye alichukua wake, wa njano, bila kumtazama usoni. Waliagana vizuri, wakamtakia afya. Walipokwisha kutoka, Mama Funguo aliurudisha ubao mahali pake kwa shida, gongo moja kwapani, akakaa kwenye kiti cha jikoni akalia.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Geti lilishinda wazi na hakuingia mwizi wala mtu. Simu haikulia. Muuza gesi alipita bila kusimama, kwa kuwa hakuwa na cha kumwomba. Ikifika saa nne jua liliingia jikoni hadi chini ya meza, naye akakaa akilitazama. Alijiuliza kama hakufanya ujinga. Akiwa na funguo, angalau shida za watu zilikuwa zikimletea watu.

Ijumaa alfajiri alikuwa ameshaamka, anachemsha maji, aliposikia viatu uani. Keshia alisimama kwenye mlango wa jikoni na sare yake ya dukani, mkoba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

Keshia akanyoosha mkono. Ule ufunguo wa uzi wa njano ulikuwa kiganjani.

"Ushike, Mama."

"Geti langu liko wazi, mwanangu."

"Nimeliona. Si ndimo nilimopita?"

"Na vitu vyako?"

"Nina televisheni na kitanda. Wakitaka wabebe." Akaupandisha mkoba begani. "Mimi nikianguka kule ndani, Mama, nani atajua? Kazini watasema sijaja, basi. Kwa hiyo asubuhi nitapita hapa, jioni nitapita. Usiponiitikia naingia. Na mimi usiponiona jioni, uje na huu."

Mama Funguo aliupokea, akajikongoja hadi ukutani, akautundika kwenye msumari wake wa zamani. Misumari kumi na mitatu ilibaki mitupu.

Keshia alikuwa ameshachelewa. Alivuka ua karibu akikimbia, akatoka, na kwa mazoea ya mtaa mzima akalirudisha geti nyuma yake. Mama Funguo alisikia lile bati likigonga. Kisha alisikia hatua zikisimama, zikirudi, na geti likisukumwa taratibu mpaka mwisho, likaachwa wazi.