Njuga ya Baba

Baba alifariki mwanzoni mwa 2013 akaniachia mbwa mmoja mwekundu. Nilikuwa nimerudi Kibondo kutoka Kasulu na mtoto mgongoni, kwa kuwa aliyenizalisha alishasema hanijui. Baba hakuniuliza hata swali moja. Alinisogezea kigoda akasema, "Kaa, mama, ugali upo." Baada ya miezi minne kifua kikamchukua. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumpiga mtu, sijui nani.

Mbwa hakuelewa msiba. Alikuwa mbwa wa kuwinda, na kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumpeleka porini, akahamia kwa kuku wa jirani, mama mmoja mjane mwenye mdomo. Wa kwanza nilimfidia kwa tetea wangu. Kwa wa pili, jirani akaniletea mwenyekiti wa kitongoji, naye akatamka mbele ya watu: akiua kuku mwingine, mbwa auawe.

"Rungu nitaleta mimi," jirani akaongeza.

Nikawaza, tatizo ni kwamba anawanyatia kimya. Ukutani ilining'inia njuga ya chuma ambayo baba alimfunga shingoni siku za kuwinda, ndani imejazwa majani makavu. Nikayachokoa majani, nikamfunga. Nikajiona nina akili sana: kuku watamsikia, watakimbia.

Mbwa akatetemeka, akaninusa mikono, kisha akachomoka. Jogoo wa jirani aliponea juu ya paa la nyumba. Manyoya ya mkia yalibaki mdomoni mwa mbwa.

"Haya, msomi," jirani akasema, "mkia ni kuku au si kuku?"

"Mkia utaota, mama."

"Muombe Mungu uote."

Nilikaa chini pale pale uani ndipo nikakumbuka. Baba alijaza njuga majani wakitoka nyumbani ili isilie njiani. Wakifika porini aliyachokoa, na kwa mbwa hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Mimi, mtoto wa mwindaji, nimekua nikiona hayo, na nilimtuma kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini baba alijua pia kumrudisha. Mbwa akiwa katikati ya mbio aliita neno moja tu la Kiha, "Garuka," rudi, na akirudi alipewa kipande cha ini. Ini sikuwa nalo. Nilikuwa na vichwa vikavu vya migebuka, samaki wa ziwani.

Kila asubuhi nilimfunga kamba, nikakaa naye mbali na uwanja wa jirani, mahali anapowaona kuku lakini bado ana masikio. Tukisogea karibu mno alikakamaa, macho yakawa ya mnyama mwingine, hata ningempigia ngoma asingesikia. Basi tunarudi nyuma. Akigeuka kunitazama, anapata kichwa cha samaki. Kesho yake tunasogea hatua mbili. Nilimpiga siku moja tu, kwa hasira zangu ambazo hazikumhusu, na tukapoteza karibu wiki nzima.

"Form four yote ile," jirani akacheka, "kumbe ulisomea kumpa mbwa tuisheni."

"Afadhali yeye anafaulu, mama."

Sikumwambia kwamba kila nikiita "Garuka" nilikuwa naitazama njia aliyozoea kurudia baba. Mwanzoni mbwa naye hakunitazama mimi. Alitazama njia ya porini, anangoja mwenye neno lake. Tulikaa hivyo, wawili wajinga, tukitazama njia.

Maharage yalipokuwa yanaanikwa, tetea wa jirani alipita na vifaranga mbele ya pua ya mbwa. Kamba ilikuwa imenitoka mkononi. Jirani akasimama na ungo wake. Mbwa akanyanyua mguu mmoja. Nikaita, kwa sauti ya kawaida. Mguu ukabaki hewani. Kisha akageuka akaja, na alinitazama mimi.

Jirani akarudi kupepeta. "Mpe samaki wake," akasema.

Nikampa. Halafu nikalia kama mjinga, maana sasa kweli alikuwa wangu.

Njuga niliirudisha ukutani, nimeijaza majani mabichi. Binti yangu alipoanza kusimama aliifikia, akaichezea, majani yakadondoka, ikalia. Mbwa akainuka, masikio juu, akatazama njia ya porini kwa muda mrefu. Nami nikatazama. Nilijua neno la kumwita, lakini siku hiyo sikulitamka. Nilimwacha asimame vile mpaka alipochoka mwenyewe, akaja kulala miguuni kwangu.